Aliacha shule, akaenda mjengo, akakutana na samaki wa mawe

Kuna watu wanaodhani sayansi ni ya wenye digrii pekee. Hao ningependa wamjue Hugh Miller, jamaa wa Uskoti aliyechonga mawe kwa miaka mingi kabla ya jina lake kupewa samaki.

Miller alizaliwa mwaka wa 1802 huko Cromarty, mji mdogo wa bandari. Babake alikuwa nahodha, na mwaka wa 1807 bahari ilimmeza pamoja na meli yake. Kijana akabaki na mama na wajomba wawili, watu wa kazi za mikono waliopenda vitabu. Mmoja wao alikuwa akimpeleka ufukweni kumwonyesha viumbe. Shuleni mambo hayakwenda vizuri. Alipigana na mwalimu wake, akachukua kofia yake akatoka, na hakurudi tena.

Akiwa na miaka 17 alianza kujifunza uchongaji mawe. Kazi ilikuwa ngumu, na vumbi lake lilimharibu mapafu, jambo lililomsumbua maisha yake yote. Lakini machimbo ndiyo yaliyokuwa chuo chake. Wakati wa mapumziko alizunguka pwani ya Cromarty na nyundo, akipasua mabonge ya mawe mekundu. Ndani yake akakuta samaki waliogeuka kuwa visukuku.

Mmoja alikuwa kituko. Mwili wake ulifunikwa na vipande vya mfupa kama kasa, na ubavuni alikuwa na viungo viwili mithili ya mabawa. Mwaka wa 1840, katika mkutano wa wanasayansi jijini Glasgow, mtaalamu wa samaki kutoka Uswisi, Louis Agassiz, alimwita Pterichthys milleri, yaani samaki mwenye mabawa wa Miller. Siku hizi anaitwa Pterichthyodes, na umri wake ni karibu miaka milioni 390.

Sasa hapa ndipo mambo yanapokuwa matamu. Mawe mekundu ya Uskoti yana samaki wengine wa kale zaidi, kama Cephalaspis, mwenye kichwa cha mfupa kilichopinda kama mwezi mchanga. Huyu alivaa deraya lakini hakuwa na taya. Mdomo wake ulikuwa chini ya kichwa, na hakuweza kung'ata chochote. Kwa miaka mingi wataalamu walimweka samaki wa Miller katika kundi moja na hawa wasio na taya, hadi ilipothibitika kwamba yeye alikuwa na taya ndogo.

Tofauti hiyo si ndogo. Samaki wenye deraya wasio na taya walitoweka miaka milioni 360 hivi iliyopita. Ila wenzake Cephalaspis tayari walikuwa na jozi ya mapezi nyuma ya kichwa. Mapezi kama hayo ndiyo yaliyokuja kuwa mikono katika ukoo wetu, hiyo mikono unayoshikia simu sasa hivi. Taya nazo zilitokea kwa jamaa zao wa karibu, na ndizo unazotafunia mahindi choma.

Miller hakuishia mjengo. Alifanya kazi ya uhasibu katika benki ya kwao, kisha mwaka wa 1840 akawa mhariri wa gazeti la The Witness jijini Edinburgh. Humo aliandika makala kuhusu samaki wake, na mwaka wa 1841 makala hayo yakawa kitabu kilichosomwa sana. Aliandika kwa lugha ambayo fundi mwenzake angeielewa.

Lakini kuna jambo halipaswi kufichwa. Miller alipinga wazo kwamba viumbe hubadilika na kuzaa aina mpya. Mwaka wa 1849 alitoa kitabu kizima cha kulipinga, akisema samaki wa kale walikuwa wakubwa na kamili mno kuwa mwanzo duni wa kitu chochote. Leo samaki wa mawe yale yale ni ushahidi wa upande aliokuwa akipigana nao. Hata hivyo alichora na kueleza alichokiona bila kukipinda kifae hoja yake, ndiyo maana kazi yake bado inatumika.

Miaka yake ya mwisho ilikuwa mizito. Kichwa kilimuuma, ndoto mbaya zikamwandama, na kazi haikupungua. Desemba 1856 alijitoa uhai, akiwa na miaka 54, na umati mkubwa ukamsindikiza kaburini Edinburgh. Wakati huo mwanamume kusema amelemewa halikuwa jambo rahisi. Kwetu bado si rahisi, lakini ukijiona umefika hapo, mwambie mtu leo, usingoje kesho.

Na wewe unayeshinda kwenye vumbi la mjengo: funika pua yako vizuri, na ukipasua jiwe, tazama ndani kabla ya kulitupa.