Homer Plessy, mshona viatu

Homer Plessy alizaliwa kunako mwaka 1863 katika mji wa New Orleans, nchi ya Marekani. Kazi yake ilikuwa kushona viatu. Kati ya wazazi wanane wa babu na bibi zake, saba walikuwa Wazungu, mmoja tu mtu mweusi. Kwa uso alifanana na Mzungu, lakini sheria ilimhesabu kuwa mtu mweusi.

Mwaka 1890 wakubwa wa jimbo la Louisiana walitoa sheria hii: katika gari la moshi Wazungu wakae katika behewa lao, na watu weusi katika lao. Raia wengine wa mji walichukizwa. Wakafanya chama, wakakusanya fedha, wakatafuta mtu wa kuivunja sheria hiyo wazi, ili mahakimu waipime. Plessy akakubali, ingawa alijua kwamba atashikwa.

Tarehe 7 Juni 1892 alinunua tikiti ya daraja la kwanza, akaketi katika behewa la Wazungu. Mwangalizi wa gari akamwuliza kama yeye ni mtu mweusi. Plessy hakuficha. Akaamriwa kuhama, akakataa. Basi wakamtoa garini, wakamtia kifungoni.

Shauri lake likafika Washington, mbele ya mahakimu wakubwa wa nchi. Mwaka 1896 saba kati yao waliamua kwamba kutenga watu si kuwadharau, maadamu kila upande unapewa vitu sawasawa. Hakimu mmoja tu, John Harlan, alikataa. Yeye aliona kwamba sheria haipaswi kutazama rangi ya ngozi. Plessy alishindwa. Akalipa dola 25.

Je, vitu vilikuwa sawasawa kweli? Hapana. Mara nyingi watoto weusi walipewa shule mbovu na vitabu vichakavu. Plessy alikufa mwaka 1925 bila kuona badiliko.

Lakini wengine hawakuchoka kushitaki. Tarehe 17 Mei 1954 mahakimu wakubwa, wote tisa, waliamua kwamba kutenga watoto shuleni ni kinyume cha sheria kuu ya nchi. Mwaka 1964 sheria mpya ilikataza kutenga watu hotelini na mahali pengi pengine. Mwaka 2022, Plessy akiwa kaburini miaka 96, gavana wa Louisiana alimfutia kosa lake.

Maulizo
1. Kwa nini Plessy alikubali kushikwa?
2. Hakimu Harlan alikataa nini?
3. Vitu vilivyotengwa vilikuwa sawasawa? Eleza.