Bibi wa Shamba la Kahawa na Jirani Yake

Kila mwezi wa Oktoba, mvua za vuli zinapoanza kunyesha Nairobi, huchukua jembe langu nikaingia katika kishamba nilicho nacho nyuma ya nyumba ninayopanga huko Kawangware. Si shamba la kujivunia. Ni matuta manane tu ya sukuma wiki, kunde na mchicha. Mimi ni mtu wa Pwani niliyeletwa bara na riziki, na udongo huu mwekundu ulinichukua muda kuuzoea, kwani ukirowa hung'ang'ania jembe na viatu, na ukikauka huwa mgumu kama tofali. Mwaka huu mwenye nyumba amekwisha kunijulisha kwamba vuli ikipita atajenga vyumba mahali hapo. Basi nalima nikijua kuwa navuna kwa mara ya mwisho.

Nikiwa katika kupalilia, aghalabu humkumbuka bibi mmoja mgeni aliyepata kulima upande wa pili wa Barabara ya Ngong, naye akaondoka akiwa hana hata tuta moja. Bibi huyo ni marehemu Karen Blixen, mwandishi mashuhuri wa Denmark. Mtaa wa kitajiri uitwao Karen umesimama juu ya ardhi iliyokuwa shamba lake.

Alizaliwa tarehe 17 Aprili, 1885, huko Rungsted, kaskazini ya Copenhagen, katika nyumba yenye bustani na miti mikubwa karibu na bahari. Kwao Oktoba ni mwezi wa majani kupukutika na bustani kwenda kulala. Kwetu mwezi huo ndio mtu hutia mbegu ardhini. Bibi huyu alikuja kujifunza ukulima upya, kwa kalenda iliyogeuka juu chini.

Alishuka Mombasa Januari 1914, na tarehe 14 ya mwezi huo akaolewa papo hapo mjini na Bror Blixen, mtu wa ukoo wa kibwana kutoka Sweden. Ndoa hiyo haikumpa raha. Ilimletea maradhi yaliyomsumbua maisha yake yote, na mwaka 1925 ikavunjika kwa talaka. Aliyedumu naye ni Farah Aden, Msomali na Mwislamu, aliyekuwa msimamizi wa nyumba yake tangu 1914 hadi 1931. Farah ndiye aliyeshika fedha za matumizi na funguo za nyumba, na bibi hakuwa na shaka naye. Sisi tuliolelewa kuheshimu amana tunajua uzito wa jambo hilo.

Shamba lao lilikuwa chini ya Vilima vya Ngong, kiasi cha ekari 6,000, na kati ya hizo ekari 600 hivi zilikuwa za kahawa. Sisi wa Pwani kahawa tunaijua ndani ya kikombe kidogo, pamoja na kashata, barazani baada ya magharibi. Taabu yake hatuijui. Mapadri Wafaransa waliipanda Bura, Taita, mwaka 1893, kisha ikapandwa katika misheni yao ya St. Austin's, ambayo haiko mbali na hapa nilipo Kawangware. Mche huingizwa shimoni wakati wa mvua, huwekewa kivuli, hupaliliwa bila kupumzika, na mkulima hungoja miaka minne au mitano kabla ya kuona tunda la maana. Vuli ndiyo shughuli kubwa ya kuchuma. Kina mama na watoto walichuma zile buni nyekundu, zikamenywa, zikaoshwa, zikakaushwa na kuchambuliwa, kisha magunia yakapakiwa juu ya magari ya kukokotwa na ng'ombe 16 kila moja mpaka stesheni ya Nairobi. Kutoka hapo yalikwenda Mombasa, na kwa meli hadi London kupigwa mnada.

Kazi hiyo yote ilikuwa juu ya msingi mbovu. Shamba liko zaidi ya futi 6,000 juu ya usawa wa bahari, ambako kuna baridi na upepo kupita kiasi kwa kahawa, na mvua zake si za kuaminika. Mwaka 1921 bibi alikabidhiwa usimamizi peke yake. Mwaka 1923 kiwanda cha kahawa kikaungua moto. Baadaye nzige wakaja, na bei ikaanguka ulimwenguni. Kila vuli ilikuwa ya kuhesabu deni.

Hata hivyo, ardhi ile haikuwa tupu alipofika. Ekari kama 1,000 zilikuwa mashamba ya Wakikuyu, wengi wao wenyeji wa hapo hapo, ambao sheria ya serikali ya kikoloni iliwafanya kuwa maskwota. Walilima mahindi, maharage na viazi vitamu, na kodi yao ilikuwa kumfanyia bibi kazi siku 180 kila mwaka. Mwenyewe alitambua, na akaandika, kwamba baadhi yao walizaliwa pale, na baba zao kabla yao, na kwamba huenda wao walimhesabu yeye kuwa skwota mkubwa.

Mzee wa Wakikuyu hao alikuwa Chifu Kinyanjui wa Gathirimu, aliyewekwa na Waingereza, na maskani yake yalikuwa upande huu wetu, karibu na misheni ile ya Wafaransa. Alikuwa jirani na rafiki wa bibi, na mambo mazito ya shambani waliyaamua pamoja. Mwaka 1929 mzee akaugua vibaya mguu. Watu wa misheni walitaka apelekwe hospitali yao, naye hakutaka. Akaomba apelekwe nyumbani kwa bibi, akafie huko. Bibi akakataa. Shamba lilikuwa limekwisha kumvunja nguvu, na aliogopa lawama endapo mzee angemfia mikononi. Mzee akapelekwa hospitali, na huko akafariki.

Jambo hili bibi angeweza kulificha, kwani hakuna aliyemdai maelezo. Badala yake alilieleza kitabuni mwake bila kujitetea sana. Mimi nalihesabu kuwa ndilo doa la maisha yake ya huku, nami namstahi kwa kulisema.

Miaka miwili baadaye shamba likauzwa, na mnunuzi akalikata viwanja. Tarehe 14 Mei, 1931, rafiki yake mpenzi, Denys Finch Hatton, aliyekuwa na nyumba Takaungu, akafa kwa ajali ya ndege huko Voi. Bibi alikuwa amepoteza kila kitu. Katika miezi hiyo alizunguka afisi za serikali akitaka jambo moja: maskwota wake wasitawanywe, wapewe ardhi mahali pamoja. Alikataliwa mara nyingi, akarudi tena. Hatimaye walikubaliwa kukaa katika sehemu ya msitu wa Dagoretti. Sijui kama deni la jirani hulipwa hivyo. Najua kwamba alilipa alipokuwa hana tena cha kujinufaisha.

Aliondoka Agosti 1931. Farah alikuwa pamoja naye katika gari la moshi lililoteremka Pwani, na waliposimama stesheni ya Samburu walitembea pamoja huku injini ikijazwa maji. Kwao Rungsted aliandika vitabu vilivyomtangaza duniani, kikiwamo kile cha mwaka 1937 juu ya shamba lake. Bustani na msitu wa nyumba yao aliuweka kuwa hifadhi ya ndege, na alipofariki tarehe 7 Septemba, 1962, alizikwa humo chini ya mti.

Ijumaa iliyopita nilikwenda kuswali Makina, Kibera. Baada ya swala nilikaa na mzee mmoja wa Kinubi, ambaye wazee wake, askari wa King's African Rifles, walipewa msitu ule wakaufyeka na kulima. Ardhi yao ilikuwa ekari 4,197. Hati waliyokabidhiwa mwaka 2017 ni ya ekari 288. Mzee alinionyesha kwa fimbo mahali bibi yake alipopanda mahindi, na mimi nikaona mabati tu.

Nilimpa kifurushi cha mbegu za kunde na mchicha kutoka matuta yangu. Ana debe tatu za udongo mlangoni pake. Alisema zitatosha, na kwamba mvua bado ipo.