Mary Barbour: Mama aliyekataa kodi ipandishwe kiholela

Mpangaji wa Mombasa anaijua hali hii. Mwezi unaisha, ajenti anapita mlangoni au anatuma ujumbe wa simu: kuanzia mwezi ujao kodi imepanda, na asiyeweza ahame. Hapana mazungumzo, hapana barua. Wengi hunung'unika, wakakopa, wakalipa. Wengine hufunga vyombo vyao usiku na kuhamia mtaa wa mbali zaidi.

Miaka zaidi ya 100 iliyopita, katika mji wa Glasgow huko Scotland, walikuwako wanawake waliopata habari kama hiyo na wakakataa. Kiongozi wao mmoja alikuwa mke wa fundi wa mitambo, mama wa nyumbani asiye na cheo wala mali. Jina lake Mary Barbour. Maisha yake yafaa kusimuliwa hapa kwetu, kwa sababu walichokipata yeye na jirani zake kina mizizi hadi katika sheria ya Kenya.

Alizaliwa tarehe 20 Februari 1875 katika kijiji cha Kilbarchan, magharibi mwa Scotland. Baba yake alikuwa mfumaji wa mazulia, na Mary mwenyewe aliingia kiwandani akiwa msichana mdogo, kwanza kusokota nyuzi, kisha kutia nakshi mazulia. Mwaka 1896 aliolewa na David Barbour. Mtoto wao wa kwanza alifariki akiwa mchanga. Baadaye walijaaliwa wavulana wawili, wakahamia Govan, mtaa wa viwanda vya meli kando ya mto Clyde.

Govan ya wakati huo ilijaa majumba ya ghorofa yaliyokatwakatwa vyumba vya kupangisha. Familia nzima ililala, ikapika na kufua katika chumba kimoja au viwili, na choo kilikuwa cha pamoja na majirani. Aliyekulia katika nyumba ya Kiswahili yenye wapangaji kila chumba na choo kimoja uani hahitaji kuelezwa zaidi. Mary alijiunga na chama cha ushirika cha wanawake na chama cha siasa cha wafanyakazi. Huko alijifunza kusimama mbele ya watu na kusema.

Mwaka 1914 vikazuka Vita vya Kwanza vya Dunia. Glasgow ikawa karakana kubwa ya meli na silaha, na maelfu ya wafanyakazi wakamiminika mjini. Nyumba hazikuongezeka. Wenye nyumba wakaona soko limewanyookea, wakapandisha kodi, mahali pengine kwa hadi asilimia 25. Wanaume wengi walikuwa vitani, nyumbani wamebaki wanawake na watoto, na huenda wenye nyumba walidhani mwanamke peke yake hatakuwa na la kufanya.

Hapo ndipo walipokosea. Mwaka 1915 ukaundwa umoja wa wanawake wa Govan kuhusu makazi, na Mary Barbour akawa nguzo yake. Msimamo wao ulikuwa mwepesi kuueleza: nyongeza hatulipi, na nyumba hatuhami. Karatasi za kutangaza mgomo zikabandikwa madirishani, mtaa baada ya mtaa, ili kila ajenti anayepita ajue kwamba humu ndani hapana mtu aliye peke yake.

Walijipanga kama watu wanaojua mtaa wao. Mwanamke mmoja alikaa mlangoni mwa jengo na kengele mkononi. Akimwona ofisa wa mahakama anakuja kutoa vyombo vya mtu, hupiga kengele, na wanawake wakatoka jikoni na kwenye kufua, kila mmoja na alichokishika: unga, nguo mbichi, chochote. Ofisa alirudi alikotoka akiwa mweupe kwa unga, karatasi yake ya kufukuza mtu ingali mfukoni.

Kuna kisa kimoja kinachosimuliwa sana. Ajenti wa Govan alimwendea mwanamke mmoja akamwambia kwamba majirani zake wote wamekwisha kulipa nyongeza. Ulikuwa uongo, lakini mwanamke aliogopa akalipa. Habari zilipomfikia Bi Barbour, alikwenda kuwaita wanaume wa viwanda vya meli, wakaacha kazi wakaandamana naye hadi ofisi ya ajenti. Alipouona umati ule umeijaza njia, ajenti aliirudisha pesa. Hila ya kumwambia kila mpangaji kwamba wenzake wamekubali ni ya zamani, na dawa yake ni kumwuliza jirani kabla ya kufungua pochi.

Kufikia Novemba 1915 nyumba zilizogoma zilikadiriwa kufika 20,000 au zaidi. Wenye nyumba wakabadili mbinu. Badala ya kupigana na wanawake mlangoni, waliwashtaki wafanyakazi 18 mahakamani ili deni likatwe moja kwa moja kwenye mishahara yao. Tarehe 17 Novemba 1915, siku ya kesi, maelfu ya watu waliandamana hadi mahakamani: wanawake kutoka mitaani na wanaume kutoka viwandani. Umati ule uliitwa Jeshi la Bi Barbour. Serikali iliyokuwa vitani haikuweza kustahimili viwanda vya silaha visimame kwa sababu ya kodi ya nyumba. David Lloyd George, waziri aliyesimamia silaha, aliarifiwa, na kesi ikaachwa.

Mwezi uliofuata, Desemba 1915, Bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyorudisha kodi za nyumba ndogo katika kiwango cha Agosti 1914, vita vilipoanza, na kumzuia mwenye nyumba asimtoe mpangaji anayelipa kodi halali. Waliokuwa mbele katika jambo hili walikuwa wanawake, na mwaka ule mwanamke hakuwa na haki ya kumpigia kura mbunge.

Mary Barbour hakurudi jikoni akanyamaza. Mwaka 1916 alishirikiana na Helen Crawfurd na Agnes Dollan katika harakati za wanawake za kudai amani. Mwaka 1920 alichaguliwa diwani wa Glasgow, na kuanzia 1924 akawa miongoni mwa wanawake wa kwanza kushika cheo cha hakimu wa mji ule. Alipigania maziwa ya bure kwa watoto wa shule, mabafu na sehemu za kufulia za umma, na zahanati ya kina mama. Alistaafu udiwani mwaka 1931, akafariki tarehe 2 Aprili 1958 akiwa na umri wa miaka 83. Kwa miaka mingi jina lake lilififia, hadi wananchi walipochanga pesa na sanamu yake ikazinduliwa Govan tarehe 8 Machi 2018.

Sasa turudi kwetu. Kenya ilipokuwa koloni, udhibiti wa kodi uliletwa kwa kufuata mfano wa sheria za Uingereza, na hadi leo tunayo Sheria ya Kudhibiti Kodi, Sura ya 296. Inazihusu nyumba za kuishi ambazo kodi yake ya kawaida haizidi Sh2,500 kwa mwezi. Kwa nyumba hizo, mwenye nyumba hawezi kupandisha apendavyo wala kumtoa mpangaji bila amri ya baraza la kodi. Kiwango hicho kimeachwa palepale kwa miongo mingi huku kila kitu kikipanda, na kwa hivyo vyumba vingi vya leo vimebaki nje ya ulinzi. Mpangaji wa nyumba hizo ngao yake kubwa ni mkataba wa maandishi, na wengi hawana.

Mwenye duka au mkahawa ana Sura ya 301. Ikiwa hana mkataba wa maandishi, au anao usiozidi miaka mitano, mwenye jengo lazima ampe notisi rasmi ya miezi miwili au zaidi kabla ya kupandisha kodi. Asiyekubali amjibu mwenye jengo kwa maandishi ndani ya mwezi mmoja, na alifikishe shauri barazani kabla ya tarehe ya notisi. Ujumbe wa simu si notisi. Na asiache kulipa kodi ya zamani, wala asitupe risiti zake.

Wenye nyumba nao wana haki zao, na wako wengi wanaomcha Mungu katika kodi wanayotoza. Lakini kiwango cha Sh2,500 hakitabadilika kwa wapangaji kunung'unika kila mtu chumbani mwake. Wabunge wetu wa Pwani wanaweza kuulizwa juu ya sheria hii, na ni vyema wakiulizwa na mtaa mzima kwa pamoja.