Joseph Kiwele, Mtungaji wa Misa ya Katanga

Upande wa magharibi wa ziwa Tanganyika iko misioni ya zamani iitwayo Mpala. Mwaka 1883 Émile Storms, askari kutoka Ubelgiji, alijenga pale boma. Na mwaka 1885 boma lile likakabidhiwa kwa Mapadre Weupe, nao wakalifanya kuwa mahali pa sala na mafundisho. Hapo Mpala alizaliwa Joseph Kiwele, mwaka 1912. Alipokuwa mtoto wa miaka mitano, Stefano Kaoze, mwana wa upande uleule wa ziwa, alipewa daraja takatifu ya upadre huko Baudouinville, tarehe 21 Julai 1917. Huyo ndiye padre Mkongo wa kwanza wa zama hizi. Basi Kiwele alikua katika nchi ambayo watu wake walikuwa wamekwisha kuona kwa macho yao kwamba Mungu huwaita Waafrika pia kuitumikia altare yake.

Mtoto wa misioni siku zile alikuwa na shule mbili za wimbo. Shule ya kwanza ilikuwa kanisani. Huko alijifunza nyimbo za Kigregori kwa Kilatini, ambazo Kanisa limeziimba tangu karne nyingi. Shule ya pili ilikuwa kijijini. Huko alisikia nyimbo za wapiga makasia, za akina mama watwangao, za wawindaji, na za kuwalilia wafu. Wengi walidhani kwamba nyimbo hizi za aina mbili haziwezi kukaa pamoja, na kwamba Mkristo yampasa kuingia kanisani na wimbo mmoja na kuuacha wa pili nje ya mlango. Kiwele alisoma katika shule za misioni, akazijua zote mbili, wala hakutaka kuitupa hata moja.

Hakuwa padre. Alikuwa mlei na mwalimu, naye akaenda kufanya kazi Elisabethville, mji ambao tangu mwaka 1966 huitwa Lubumbashi. Mji huo ulianzishwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba. Mwaka uleule walifika Katanga watawa Wabenedikto kutoka abasia ya Mtakatifu Andrea huko Ubelgiji. Na sifa ya watawa hao tangu kale ni kuimba sala za Kanisa kwa uangalifu mkubwa. Katika shule yao ya Mtakatifu Bonifasi, Kiwele alifundisha muziki. Alijua pia kupiga kinanda cha kanisa.

Mjini hapo kulikuwa na kundi la wavulana waimbaji lililoongozwa na Padre Anschaire Lamoral, Mbenedikto. Huko Paris, tangu mwaka 1907, kulikuwa na wavulana waimbao walioitwa Waimbaji Wadogo wa Msalaba wa Mti. Wale wa Elisabethville wakaitwa Waimbaji Wadogo wa Msalaba wa Shaba. Jina hilo lilikuwa na maana kwa watu wa Katanga. Kabla ya kuja kwa Wazungu, mafundi wa nchi hii waliyeyusha shaba na kuifanya misalaba midogo, ikawa fedha ya kununulia vitu na kulipia mahari. Kitu ambacho babu zetu walikitumia sokoni kikawa jina la watoto wamsifuo Bwana.

Hapo yafaa tueleze faida ya kundi kama hilo katika parokia. Waimbaji huimba katika Misa. Lakini tena huimba siku nyingine mbele ya watu waliokusanyika kusikiliza tu, na mkutano wa namna hii huitwa tamasha la nyimbo takatifu. Tamasha si Misa, wala haliwezi kushika nafasi yake. Lakini lina kazi yake. Kwanza, huwazoeza waimbaji: asiyefanya mazoezi kwa saburi huonekana mara moja. Pili, huwaleta pamoja watu wa makabila mbalimbali. Na katika mji wa shaba, ambamo watu walitoka pande zote kutafuta kazi, jambo hilo halikuwa dogo. Tatu, humfungulia mlango yule asiyebatizwa bado. Mtu anayeogopa kuingia kanisani huja kusikiliza wimbo, na wimbo humtangulia padre moyoni mwake.

Katika miaka ya 1950 Kiwele alitunga kazi iliyomfanya ajulikane mbali, yaani Misa ya Katanga. Wakatekumeni wanajua kwamba katika Misa ya kuimbwa mna sehemu tano zenye maneno yasiyobadilika: Kyrie, Gloria, Credo, Sanctus na Agnus Dei. Kiwele hakubadili maneno hayo. Aliyaacha katika Kilatini na Kigiriki, kama Kanisa lilivyoagiza wakati ule. Lakini aliyavika sauti za Kiafrika na mapigo ya ngoma. Waimbaji wa Msalaba wa Shaba wakaiimba.

Wako waliokuwa na mashaka, na mashaka yao hayakuwa ya upuuzi. Mkristo mzee aliyeacha matambiko alijua ngoma ilipigwa wapi na kwa ajili ya nani. Aliposikia mlio wake karibu na altare, aliweza kuogopa kwamba mambo aliyoyakana katika ubatizo yanarudi kwa mlango wa nyuma. Lakini yatupasa kupambanua. Ngoma ni mti na ngozi, vitu viwili alivyoviumba Mungu. Haina dhambi, dhambi hutoka katika nia ya mtu anayeipiga. Kama mtu mwenyewe huoshwa na kuwekwa wakfu kwa Mungu, je, ngoma yake peke yake ibaki nje?

Kanisa nalo lilikuwa likitembea njia hiyo. Mwezi wa Desemba 1955 Baba Mtakatifu Pio wa Kumi na Mbili aliwahimiza wamisionari wasidharau upendo wa muziki walio nao watu wa nchi za misioni. Mwaka 1958, huko Kamina, waimbaji wa Padre Guido Haazen, Mfransisko, waliimba Misa iitwayo Missa Luba, nayo ikasikiwa hata Ulaya. Tarehe 4 Desemba 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitangaza kwamba muziki wa mataifa hayo upewe heshima inayostahili. Na mwaka 1988 Roma ikakubali kitabu cha Misa kwa ajili ya majimbo ya Kongo, iliyoitwa Zaire wakati ule. Kiwele hakuona mambo ya mwaka 1963 wala ya mwaka 1988, lakini alikuwa mmoja wa waliolima shamba hilo kabla ya mvua.

Maisha yake yalikuwa na sehemu nyingine, nayo haifai kufichwa. Tarehe 11 Julai 1960 Moïse Tshombe alitangaza kwamba Katanga imejitenga na Kongo. Kiwele akawa waziri wa elimu katika serikali hiyo, naye akatunga wimbo wa taifa lake. Kujitenga huko kulileta vita, ndugu kwa ndugu wakamwaga damu. Kiwele alifariki mwaka 1961, kabla hajafika miaka 50. Mwezi wa Januari 1963 dola ile ikaisha, na wimbo wa bendera ukabaki bila dola. Lakini ngoma aliyoithubutu katika Misa haikunyamaza: leo hulia katika makanisa ya Kongo mjini na vijijini, na wengi waipigao hawajui jina lake.

Ndugu mkatekumeni, labda wewe huwezi bado kukaribia Meza ya Bwana. Lakini kuimba unaweza tangu leo. Nenda kwa kiongozi wa waimbaji wa kijiji chako, ukajifunze sehemu zile tano pamoja na maana ya maneno yake, moja baada ya nyingine, hata siku ya ubatizo wako ikikufikia zikute zimekwisha kuwa zako. Na sauti utakayoziimbia iwe ileile uliyopewa na Mungu nyumbani kwa mama yako.