John Newton na Meli ya Tajiri Wake

Wengi wetu tunamkumbuka John Newton kwa wimbo wake mashuhuri juu ya neema ya Mungu. Mwezi huu twapenda kuitazama kazi aliyoajiriwa kuifanya kabla hajawa kasisi.

Newton alizaliwa London mwaka 1725, akawa baharia tangu ujana wake. Mwaka 1748 alinusurika katika dhoruba kali, akamgeukia Mungu. Lakini hakuiacha biashara ya watumwa. Kati ya mwaka 1750 na 1754 alisafiri mara tatu akiwa nahodha, akiwachukua watu kutoka pwani ya Afrika Magharibi na kuwapeleka visiwa vya Karibiani. Meli haikuwa yake. Ilikuwa ya Joseph Manesty, tajiri wa Liverpool. Jumapili Newton aliwaongoza mabaharia katika sala, na chini yao watu walilala wamefungwa minyororo. Safari moja aliposhuku maasi, aliwabana vijana vidole kwa chuma ili waungame. Alidhani kazi hiyo ndiyo aliyopangiwa na Mungu, ingawa alichukizwa kuwa kama bwana jela.

Mwaka 1754 aliacha bahari kwa sababu ya ugonjwa, si kwa sababu ya dhamiri. Mwaka 1764 aliwekewa mikono, akahudumu Olney, halafu London. Ndipo mwaka 1788 alipotoa kitabu kidogo cha kuipinga biashara ile, na baadaye akatoa ushahidi mbele ya Bunge.

Angeweza kujitetea kwamba meli na faida vilikuwa vya Manesty, na kwamba sheria ya Uingereza iliruhusu. Yote hayo yalikuwa kweli. Lakini alikiri hadharani kwamba yeye mwenyewe alishiriki uovu ule. Ushahidi wake ulikuwa na uzito kwa kuwa nahodha aliyaona mambo ambayo tajiri, akiwa nyumbani Liverpool, hakuyaona. Machi 1807 Bunge liliipiga marufuku biashara hiyo, na Desemba mwaka huohuo Newton alifariki.

Ndugu wapendwa, wengi wetu twala mshahara wa mtu mwingine. Karani aijua mizani iliyochezewa. Dereva ajua alichopakia usiku. Tajiri atajibu yaliyo yake, nasi tutaulizwa tuliyoyaona na tuliyoyatenda. Newton alinyamaza miaka 34, na miaka hiyo yote meli ziliendelea kubeba watu. Tumwombe Mungu atupe ujasiri wa kusema mapema kuliko yeye.