Robert Moog: Mhandisi aliyepokonywa jina, sauti yake ikadumu

ROBERT Moog hakuwa mwanamuziki wa kutajika, lakini wapiga vinanda wengi walimtegemea kwa sauti zao.

Alizaliwa New York, Marekani, mwaka 1934. Baba yake alikuwa mhandisi, naye mamake alimhimiza kucheza piano. Akiwa na miaka 14 aliunda teremini, ala inayochezwa bila kuguswa, na baadaye akaziuza alipokuwa akisomea uhandisi.

Mwaka 1964, akishirikiana na mtunzi Herbert Deutsch, alibuni sintesaiza, chombo kinachozalisha sauti kwa umeme. Huko California, Don Buchla naye alikuwa akiunda yake, ila alikataa kuiwekea kinanda cha kawaida. Moog alikubali, na uamuzi huo ukawavuta wapiga piano.

Mitambo hiyo ya kwanza ilikuwa mikubwa kama kabati. Studioni ilifaa sana, na mwaka 1968 Wendy Carlos aliitumia kurekodi kazi za Bach. Jukwaani ilikuwa mzigo, kwani kubadili sauti kulimaanisha kuchomoa na kuchomeka nyaya huku hadhira ikisubiri.

Minimoog ya mwaka 1970 ilitatua shida hiyo. Nyaya ziliunganishwa ndani, mpigaji akabaki kuzungusha vidude tu, na chombo kikabebeka. Vyanzo vitatu vya sauti pamoja na kichujio alichobuni Moog viliipa besi nzito. Hata hivyo, ilitoa noti moja tu kwa wakati, na joto liliweza kuyumbisha sauti yake. Prophet-5 ya mwaka 1978 ilipiga noti tano kwa pamoja na kuhifadhi sauti zilizopangwa. Kwa wepesi wa jukwaani, Prophet-5 ilitangulia. Kwa besi, wengi hawakuiacha Minimoog.

Mchumia juani hulia kivulini, lakini kivuli cha Moog kilikaliwa na wengine. Madeni yalimlazimisha kuikabidhi kampuni yake mwaka 1971, na mwaka 1977 akaondoka kabisa. Jina lake likabaki mali ya wageni. Alihamia North Carolina, akarejea kuunda teremini katika karakana ndogo.

Mwaka 2002 alirejeshewa haki ya kutumia jina lake, akatoa Minimoog mpya. Alilifurahia kwa miaka mitatu tu. Uvimbe wa ubongo ulimuua Agosti 21, 2005 mjini Asheville, akiwa na umri wa miaka 71.