Ansel Adams: Bingwa wa chumba cha giza aliyeisubiri kompyuta

Na Mwandishi Wetu

ALASIRI ya Desemba 28, 1960, mwanamume wa miaka 58, mwenye ndevu na pua iliyopinda, alisimama katika bonde la Yosemite, California nchini Marekani, akiutazama mwezi uliokuwa umechomoza kando ya mlima wa mawe uitwao Half Dome. Mkononi hakuwa na kamera kubwa ya mbao aliyozoea kuibeba milimani, bali Hasselblad yenye lenzi ya milimita 250, itumiayo filamu ya upana wa sentimita sita.

Mtu huyo alikuwa Ansel Adams, na picha aliyoipiga siku hiyo ni miongoni mwa picha za mwezi zinazofahamika zaidi duniani. Leo, wapo wapiga picha wanaotumia filamu ya aina hiyo hiyo, wakaiskani na kuchapa picha nyeusi na nyeupe kwa printa ya kompyuta. Njia wanayoipita aliichonga yeye, ingawa alifariki dunia kabla ya teknolojia hiyo kuenea.

Adams alizaliwa Februari 20, 1902 jijini San Francisco. Akiwa na miaka minne, jiji hilo lilikumbwa na tetemeko kubwa la mwaka 1906. Mtikisiko uliofuata ulimrusha kwenye ukuta wa bustani, akavunjika pua, na haikunyooka tena maishani mwake. Shuleni hakuweza kutulia, hivyo akasomeshwa nyumbani. Kilichomtuliza kilikuwa piano, na kwa miaka mingi alijiandaa kuwa mwanamuziki.

Mwaka 1916 familia yake ilikwenda Yosemite, na wazazi wake wakampa kamera ndogo ya Kodak Brownie. Tangu hapo alirudi katika bonde hilo kila mwaka wa uhai wake.

Aprili 10, 1927 alipanda mlima akiwa na vioo vichache vilivyopakwa dawa ya picha, na alipofika mbele ya Half Dome alibakiwa na viwili tu. Cha kwanza alikipiga kwa kichujio cha manjano, kisha akang'amua kuwa anga ingetoka hafifu, tofauti na uzito aliousikia moyoni. Kioo cha mwisho akakipiga kwa kichujio chekundu, na anga ikatoka karibu nyeusi. Siku hiyo alijifunza kuiona picha iliyokamilika akilini kabla ya kuipiga.

Hata hivyo, piano haikumwachia upesi. Mwaka 1930, huko New Mexico, alikutana na mpiga picha Paul Strand, ambaye hakuwa na picha zilizosafishwa za kumwonyesha, ila negativu tupu. Adams alizitazama kwenye mwanga, na hapo akaamua kuwa mpiga picha. Muziki lakini haukupotea: alikuja kufundisha kwamba negativu ni kama maandishi ya muziki, na kuichapa ni kama kuupiga muziki huo mbele ya watu.

Karibu na mwaka 1940, akishirikiana na Fred Archer jijini Los Angeles, alitengeneza utaratibu wa kugawa mwanga katika madaraja kuanzia weusi kamili hadi weupe kamili. Kanuni yake ni nyepesi kuisema, ngumu kuitenda: pima mwanga kwa kufuata sehemu zenye giza, kisha safisha filamu kwa kufuata sehemu zenye mwanga.

Maisha yalimwonyesha kuwa negativu ni mali inayopotea. Mwaka 1937 moto uliteketeza nyingi katika chumba chake cha giza huko Yosemite. Novemba 1, 1941, akipita kijiji cha Hernandez, New Mexico, aliona mwezi ukipanda juu ya misalaba ya makaburi. Kipima mwanga hakikuonekana, jua lilikuwa likizama, naye akakadiria kwa kuukumbuka mng'ao wa mwezi. Alipiga mara moja tu, mwanga ukatoweka. Negativu ilikuwa ngumu kuchapa. Mwaka 1948 ilimbidi aiongezee nguvu kwa dawa sehemu ya chini.

Ndiyo maana Hasselblad ilimfaa. Filamu yake hukaa katika kasha linaloweza kuchomolewa, hivyo aliweza kuwa na makasha kadhaa, kila moja likisubiri usafishaji wake kulingana na ukali wa mwanga.

Anayeskani leo anakutana na kanuni ile ile. Picha moja ya mraba ya filamu hiyo, ikiskaniwa kwa nukta 2,400 kwa kila inchi, hutoa nukta zipatazo 5,300 kila upande, zinazotosha kuchapa picha ya takriban sentimita 45 kwa nukta 300 kwa inchi. Lakini kivuli ambacho filamu haikukinasa, hakuna mashine itakayokirudisha. Kompyuta imechukua nafasi ya mikono iliyokuwa ikikinga na kuongeza mwanga chini ya mashine ya kukuzia picha. Haikuchukua nafasi ya jicho.

Adams mwenyewe hakuiogopa. Katika kitabu chake cha mwaka 1981 kuhusu negativu, alieleza kuwa picha za kielektroniki ndizo hatua kubwa inayofuata, na kwamba alizisubiri kwa hamu. Mwaka 1980 alikuwa ametunukiwa na Rais Jimmy Carter Nishani ya Uhuru.

Alifariki dunia Aprili 22, 1984 huko Monterey, California, akiwa na miaka 82. Mwaka uliofuata, mlima mmoja wa Yosemite ulipewa jina lake. Negativu zake zimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Arizona, mjini Tucson, katika kituo alichosaidia kukianzisha mwaka 1975.